Nirudishieni Mali Zangu

Kuna watu wanasema gemu za zamani zilikuwa za kitoto. Wanayasema hayo wakiwa wamejilaza kwenye sofa, mkononi wameshika simu yenye gemu inayowabembeleza kila wakishindwa, inayowapa sarafu za dhahabu kwa sababu tu wameamka salama, na inayowauliza kwa adabu kama wangependa kuendelea pale pale walipoangukia. Hao nawaomba waje nyumbani kwangu. Nitawatandikia mkeka, nitawapa chai ya rangi na pedi, halafu nitawawekea Gradius. Mazungumzo tutayafanya baadaye, wakishamaliza kutukana.

Gradius ni gemu ya kupigana kwa ndege huko juu kwenye nyota. Kampuni ya Konami ya Japani iliitoa mwaka 1985 kwa ajili ya yale makabati ya kuchezea kwa sarafu, ambayo nje ya Japani yalibandikwa jina la Nemesis. Mwaka 1986 wakaipunguza hapa na pale, wakaipenyeza kwenye kaseti ya Famicom, ile mashine ya Nintendo ya kuchomeka kwenye TV iliyoanza kuuzwa huko kwao mwaka 1983. Kaseti nzima ina kilobaiti 64. Picha ya maua yenye maneno ya kututakia asubuhi njema, anayoituma shemeji yangu kila siku kwenye kundi la ukoo, inaweza kuwa nzito kuliko gemu hii yote pamoja na muziki wake, volkano zake na roho yake mbaya.

Famicom yenyewe sikuwahi kuigusa. Wengi wetu huku tulikutana na ndugu zake wa kambo, zile mashine zisizo na ubini, zinazouzwa kwenye boksi lenye picha ya kitu kingine kabisa, na kaseti ya njano inayojigamba kuwa ina gemu 9,999. Ukizikagua unakuta ni zile zile chache, moja imebadilishwa rangi, nyingine imeanzishwa hatua ya pili, zote zimepewa majina mapya. Utotoni nililalamika, nikaambiwa ninyamaze au TV izimwe. Sasa hivi TV ni yangu, umeme nanunua mwenyewe, na nina safu gazetini. Naomba mnisikilize.

Safari hii shetani aliletwa na mpwa wangu, mtoto wa dada, aliyekuja kukaa kwetu akisubiri kuanza chuo. Alikuja na begi moja la nguo na mfuko mmoja wa nailoni. Kwenye ule mfuko ndiyo kulikuwa na mashine.

Kisa cha Gradius hakimalizi hata glasi ya maji. Kuna sayari inaitwa Gradius, kuna maadui wanaitwa Bacterian, na kuna ndege inaitwa Vic Viper. Ndege moja. Sayari nzima yenye wataalamu wa kuunda chombo cha kuruka kati ya nyota ilikaa kikao, ikajadili uvamizi, ikaamua kumtuma mtu mmoja. Tena mtu huyo wamempa ndege inayokwenda kwa kusuasua na bunduki moja ya risasi ndogo, wakampungia mkono na kumwambia vifaa vingine atavipata njiani. Nimefanya kazi chini ya mabosi wa namna hiyo. Sikutegemea kukutana nao tena kwenye starehe.

Njiani maana yake ni hivi. Ukiangamiza kikosi kizima bila kubakiza hata mmoja, au ukimlipua yule ambaye rangi yake haifanani na wenzake, panabaki kidonge chekundu kinaelea. Unakiokota. Chini ya kioo kuna vyumba sita vimepangwa kwa mstari, na kila kidonge kinasogeza taa chumba kimoja. Cha kwanza ni mwendo. Cha pili ni makombora yanayodondoka chini na kutambaa ardhini. Cha tatu ni bunduki ya pili inayopiga kwa mshazari kwenda juu. Cha nne ni leza. Cha tano ni mpira wa mwanga unaokufuata nyuma na kupiga kila unapopiga wewe. Cha sita kimewekewa alama ya kuuliza tu, nadhani kwa sababu waliona haya kukuambia waziwazi kwamba ngao, kitu ambacho mtu yeyote mwenye akili angekihitaji kwanza, wameiweka mwisho kabisa.

Taa ikifika kwenye chumba unachokitaka, unabonyeza, unapewa, na hesabu inaanza upya. Ukiwa mroho ukapitiliza chumba cha sita, taa inarudi cha kwanza na akiba yako yote imekwenda na maji. Leza na ile bunduki ya mshazari hazikai nyumba moja, ukichukua hii ile inaondoka. Mwendo nao una ujanja wake: ukiununua mara moja unajisikia binadamu, ukiununua mara nyingi ndege inageuka chizi, unagusa pedi kidogo tu umeshajibamiza kwenye mwamba. Kwa hiyo huku risasi zinakuja kutoka pande zote, wewe unapiga mahesabu ya uchumi. Nitumie sasa au niweke? Ni ujenzi wetu huu huu wa Kitanzania. Mwaka huu umejibana umepata tofali, mwakani msingi, mwaka wa tatu umesimamisha ukuta, mabati unayasikia tu kwa jirani, na kila anayepita anakuuliza utahamia lini.

Mama watoto ndiye mpitaji wangu mkuu. Anapita kutoka jikoni na sufuria, anatupa jicho kwenye TV.

“Baba watoto, mbona hujachukua ngao?”

“Sijafika huko. Niko kwenye makombora.”

“Jana si ulikuwa kwenye makombora?”

Ningemjibu vizuri, lakini kumjibu mtu huku unacheza Gradius ni kufa. Nikafa.

Na hapa ndipo ilipo kesi yangu. Ukifa kwenye gemu hii, hawakuchukulii roho moja tu kama wanavyofanya waungwana. Wanakuchukulia kila kitu. Mwendo, makombora, leza, mipira ya mwanga, ngao, vyote. Wanakurudisha nyuma hadi kituo walichokichagua wao, ukiwa na ile ndege ya siku ya kwanza, inayosuasua, yenye bunduki ya risasi ndogo. Lakini maadui hawarudishwi darasa la kwanza. Maadui ni wale wale wa mahali palipokushinda ukiwa na silaha zote. Yaani palepale palipomshinda mtu aliyejenga mpaka mabati, unarudishwa uishi na msingi.

Nimelichunguza jambo hili kwa muda mrefu na kwa uchungu. Ukiwa navyo vyote, Gradius inacheza yenyewe. Leza inafyeka, mipira inafyeka, ngao inapokea yanayokuja mbele, wewe kazi yako ni kukaa hewani na kujisifu. Asiyekufa anazidi kupata asivyovihitaji, maana vidonge vinamiminika na vyumba vyake vimejaa. Aliyekufa mara moja anakufa mara ya pili kwa sababu alikufa mara ya kwanza. Wazoefu wa gemu hizi duniani wameshauona ugonjwa huo, na wameupa jina la gemu yenyewe. Katika maisha mgonjwa huwa analetewa uji.

Mwisho wa hatua ya kwanza kuna milima miwili ya volkano inayotapika mawe kila upande. Mimi natoka nchi yenye Ol Doinyo Lengai, mlima unaotapika kwelikweli, na sijawahi kusikia kwamba umemtafuta mtu kwa jina. Hii miwili ya Gradius inanifahamu. Nikikaa juu, jiwe linakuja juu. Nikishuka, nalo linashuka. Ukinusurika hapo ndipo linakuja limeli kubwa la adui, moyo wake umewekwa katikati kabisa ya ubavu, na kazi yako ni kuvunja vizuizi vidogovidogo vilivyojipanga mbele yake mpaka uufikie. Mhandisi aliyetengeneza meli ya kivita akaacha njia iliyonyooka kutoka nje hadi moyoni sina la kumwambia. Lakini ajabu ni kwamba bado ananishinda.

Halafu hatua ya tatu. Nilifika hapo kwa jasho, nikitegemea roketi, mizinga, madude ya chuma. Nikakutana na masanamu. Yale masanamu ya mawe yenye vichwa virefu, moai, yaliyochongwa na watu wa kisiwa cha Rapa Nui kilicho chini ya utawala wa Chile, katikati ya Bahari ya Pasifiki. Masanamu yale yamekaa kisiwani kwao karne nyingi bila kumsumbua mtu. Wajapani wakayachukua, wakayapandisha angani, wakayafundisha kutema mapete kutoka kinywani. Unatakiwa uyapige kinywani wakati yamefumbua. Mengine yamekaa chini, mengine yameangalia juu, na yote yana ule uso wa mwenye nyumba anayesubiri kodi. Binti yangu mdogo aliyapenda sana. Akauliza kama tunaweza kuliacha moja bila kulipiga. Nikamwambia hilo halina shida kabisa, baba anayaacha yote.

Nikiri jambo moja la haki. Famicom ilikuwa mashine dhaifu, na udhaifu wake ndiyo huruma pekee iliyomo humu. Haiwezi kuonyesha zaidi ya vipande 8 vya picha zinazotembea kwenye mstari mmoja wa kioo, kwa hiyo mambo yakizidi, vitu vinaanza kumetameta, vinapotea, vinarudi. Kwenye kabati la sarafu ungeweza kufuatwa na mipira minne ya mwanga, kwenye kaseti ni miwili, kwa sababu mashine isingeweza kuibeba. Na vurugu zikipamba moto kabisa, mashine inaelemewa, kila kitu kinaanza kwenda taratibu: maadui, risasi, ndege, mawe. Hapo nami naonekana najua kucheza. Mpwa wangu anasema ule ni upungufu. Vijana hawana shukrani.

Hayo makabati nayo yalikuwa na vituko vyake. Yale ya mwanzo kabisa yalihifadhi gemu kwenye aina ya kumbukumbu ambayo haifanyi kazi mpaka ipate joto. Ukiwasha asubuhi, kabati linakuambia usubiri, linahesabu kurudi nyuma huku likikupigia muziki mpole, mpaka lipashe. Huko Japani wakati wa baridi naelewa. Lingeletwa Dar es Salaam mwezi wa Februari, lingekuwa limeshaiva kabla halijachomekwa.

Basi nikaendelea hivyo, nakufa kwa volkano, nakufa kwa masanamu, natukana kimyakimya kwa sababu ya watoto. Mpwa wangu akawa ananitazama kwa ile heshima ya kijana anayekula bure, hacheki, hasemi. Siku moja uvumilivu ukamwisha.

“Mjomba, simamisha kidogo nikuonyeshe kitu.”

Nikasimamisha. Akachukua pedi, akabonyeza juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Akaiachia gemu iendelee. Ndege yangu, ile maskini ya Mungu, ikawa imesimama na makombora, mipira miwili na ngao. Bila kidonge hata kimoja. Bila jasho. Nikamtazama yule kijana kama mtu aliyegundua kuwa nyumba ya jirani aliyomwonea wivu miaka yote ilijengwa kwa pesa za msaada.

“Kumbe kuna njia ya panya?”

“Ipo tangu 1986, mjomba.”

Na chanzo chake ndicho kilichonitia nguvu ya kuandika haya yote. Aliyepewa kazi ya kuihamisha Gradius kutoka kwenye kabati kuiingiza kwenye kaseti aliitwa Kazuhisa Hashimoto. Kazi hiyo inataka mtu aicheze gemu mwanzo hadi mwisho kuhakikisha hakuna kilichoharibika. Hashimoto akaicheza, ikamshinda. Alikuwa na gemu mikononi, ameijua mpaka kwenye mishipa yake, na hakuweza kuimaliza. Akaona isiwe taabu, akaweka mpangilio wa vitufe ambao ataukumbuka kirahisi, wa kumpa silaha zote papo hapo apate kuikagua. Kazi ikaisha, kaseti zikaenda kiwandani, na ule mpangilio ukabaki humo humo. Watu wakaugundua. Konami wakaupenda wenyewe, wakaanza kuuweka kwenye gemu zao nyingine. Kwenye Contra ya mwaka 1988 ndiyo ulioleta zile roho 30 ambazo vijana wa mitaa yote duniani walizichezea mpaka vidole vikaota sugu. Hashimoto alifariki Februari 2020, na waliomlilia wengi hawakuwahi kumaliza hatua ya kwanza bila msaada wake. Mungu ampe pumziko. Yule alikuwa mtu wa watu.

Nikamwita mama watoto aje asikie. Nilitaka shahidi.

“Kwa hiyo,” akasema, “hata fundi aliyeitengeneza ilimshinda?”

“Ilimshinda kabisa!”

“Lakini yeye alikuwa analipwa.”

Akarudi jikoni. Wanawake wengine wangeishia kwenye neno la kwanza.

Nilidhani hapo sasa mambo yamenyooka, mpaka mpwa wangu aliponisimulia habari ya Gradius III. Hiyo ilitolewa kwa ajili ya Super Famicom mwaka 1990, mashine kubwa zaidi, yenye vitufe vingi zaidi. Waliokua na ule mpangilio vichwani walinunua kaseti, wakakaa, wakasimamisha gemu, wakabonyeza kwa raha zao: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Ndege ikalipuka. Yenyewe. Hakuna adui, hakuna jiwe, hakuna sanamu. Konami walikuwa wamekaa, wakakumbuka kwamba kuna binadamu waliopata nafuu, wakawategea. Ili upate silaha kwenye hiyo ya tatu, badala ya kushoto na kulia unatakiwa ubonyeze vile vitufe vya begani, na jambo hilo lazima uambiwe na mtu. Nimewahi kusikia habari za watu wanaoweka mtego kwenye njia ya panya, lakini huwa wamelenga panya.

Kwenye ile ya kwanza hata hivyo dawa inafanya kazi, na mpwa wangu akaamua kwamba tutaimaliza. Jumapili mchana, baada ya wali, akakaa mbele ya TV na sisi wote nyuma yake. Volkano akapita. Masanamu akapita, binti yangu akafumba macho. Akapita volkano nyingine zilizogeuzwa kichwa chini miguu juu, jambo ambalo nimekataa kulitolea maoni. Akapita madude yenye mikono mirefu inayopapasa, akapita mahali panapofanana na ndani ya tumbo la mgonjwa, akaingia kwenye ngome ya mwisho, hatua ya saba. Kuta zimebanana. Hata mimi niliacha kutafuna.

Kisha akatokea mkuu wao. Ni ubongo. Ubongo mkubwa, umekaa umefungwa na mishipa yake, na haufanyi kitu chochote. Haurushi jiwe, haurushi risasi, hautemi pete. Umekaa tu.

“Unasubiri nini?” nikauliza.

“Hausubiri kitu, mjomba. Ndivyo ulivyo. Unapiga hii mishipa, basi.”

Sebule ikawa kimya. Mama watoto alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha kufutia vyombo.

“Yaani huyo ndiye aliyewaua siku zote hizi?”

“Ndiye mkubwa wao, anti.”

“Mbona hajafanya chochote? Kawakosea nini?”

Mpwa wangu hakuwa na jibu, akapiga mishipa. Ubongo ukafa. Ngome ikalipuka, sayari ikaokolewa, nikanyoosha miguu nikiamini sasa tutapumzika, na gemu ikaanza tena hatua ya kwanza. Milima ile ile. Nikauliza hii ni nini tena, zawadi iko wapi. Kijana akanieleza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba zawadi ya kumaliza Gradius ni kuirudia, ila safari hii maadui ni wakali zaidi. Akaninyooshea pedi.

Kabla sijaishika, mama watoto akachukua remoti akaweka tamthilia yake ya Kituruki. Huko nako, kwa nilivyoelewa, kuna jamaa kaamka asubuhi akakuta hana kampuni, hana gari, hana nyumba, ndugu yake kachukua vyote. Nilimwonea huruma, lakini si sana. Yeye amepewa sehemu zaidi ya mia moja za kuvirudisha.